Waridi Walilipenda Likiwa na Barafu

Saa moja kasoro robo asubuhi, Ijumaa. Baridi ya Julai bado imekaa kwenye vibaraza vya Mtendeni, na wanaopita wamejitanda mashuka mpaka masikioni. Mwanajuma Mabruki anasukuma mlango wa uani kwa bega, maana mikono yote miwili imeshika dumu la maziwa. Anasema bismillahi, anawasha jiko la gesi, anajifunga aproni ya kijani.

Kabla mteja wa kwanza hajafika, mezani pameshapangwa vikombe vitatu vinavyofuka mvuke na bilauri tatu zilizojaa barafu. Embe la moto na embe la baridi. Furu, tunda jeusi la porini, ya moto na ya baridi. Asmini, vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo kazi yake katika mgahawa huu wa mjini Tabora: kuonja latte. Ni kahawa nzito inayokamuliwa kwa mashine, ikamiminiwa maziwa yenye povu, na humu hutiwa pia shira ya tunda au ya ua. Mwanajuma anachota kijiko, ananusa, anaweka ulimini. Kisha anasukutua kwa maji ya uvuguvugu na kusogea kwenye kingine.

"Embe la moto usimpe mtu," anamwambia Julieth Nestory, mama wa watoto wawili kutoka Ipuli, aliyewahi kufanya kazi hotelini na sasa anajifunza kazi hii.

"Mbona tamu tu, dada?"

"Tamu sasa hivi. Ngoja."

Wanangoja. Maziwa yanaanza kukatika, vipande vyeupe vinapanda juu kama mtindi uliotikiswa vibaya.

"Umeona? Embe lina ukali wake. Likikutana na maziwa ya moto wanagombana. Kwenye barafu wanavumiliana."

"Kama mimi na wifi yangu," anasema Julieth.

"Basi mpe barafu wifi yako."

Julieth anacheka mpaka anaegemea meza. Mwanajuma anatabasamu kidogo tu, anafuta kijiko. Leo ni siku yake ya mwisho ya kuonja. Kabla ya sala ya Ijumaa atavua ile aproni na kuikabidhi.

Hakuiba, hakuchelewa kazini, hakumtukana mtu. "Naondoka kwa ajili ya kazi nyingine," anasema, "na hiyo nyingine hakuna anayenilipa."

Kazi hiyo nyingine ni kuosha maiti za wanawake.

Mwanajuma ana miaka arobaini na saba. Kwa jinsi alivyosimuliwa nyumbani kwao, mzee wa ukoo wao alitoka upande wa Ujiji na mzigo kichwani enzi za misafara, akaugua njiani, wenzake wakaendelea na safari kuelekea pwani, yeye akabaki Tabora. Akaoa, akasilimu, akazikwa hapa. Wanawake wa ukoo ule wamekuwa wasusi wa mikeka, wapishi wa shughuli, na waosha maiti.

Alifundishwa na bibi yake. "Alinianzisha kwa kumimina maji. Miaka mingi mimi namimina tu, siruhusiwi kugusa. Nikimuuliza, bibi, lini nitaosha? Ananiambia, siku ambayo hutauliza."

Waliokuwa wakiijua kazi hii upande wao wa mji walikuwa kadhaa. Mmoja amehamia Dodoma kwa mwanawe. Wengine Mwenyezi Mungu amewachukua. Bi Kulwa, aliyekuwa mwenzake wa siku zote, magoti yamemkataa, hawezi kuinama wala kunyanyua ndoo. Amebaki Mwanajuma peke yake, na akiitwa hana budi kumwomba ndugu wa marehemu amsaidie kumimina.

Hachukui malipo. Wakimpa kanga, anapokea. Wakimpa sabuni, anapokea. Wasipompa kitu anarudi nyumbani, anaoga, anaswali.

Na ilikuwa katika kazi hiyo alipokutana na kahawa.

Miaka miwili iliyopita aliitwa katika nyumba ya ukoo wa Humaidi, hapahapa Mtendeni. Ni ukoo wa Waarabu wa Oman waliofika Tabora kwa njia ileile ya misafara. "Wao walikuja wamepanda punda, sisi tulikuja tumebeba," anasema Mwanajuma, bila kinyongo, au labda kinyongo kidogo.

Bibi mkubwa wa nyumba alikuwa amefariki. Jamaa wakamletea chupa ya marashi. Mwanajuma akaifungua, akanusa, akairudisha. Akawaambia yametiwa maji, na yana spiriti, bi mkubwa hapakwi haya. Akawaelekeza duka la sokoni wanakouza maji ya waridi safi.

Aliyekuwa akimimina maji siku ile ni mjukuu wa marehemu, Sheima Humaidi, mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Wakati huo alikuwa ameanza kukigeuza chumba cha mbele, babu yake alikokuwa akiuza vitambaa, kuwa mgahawa.

"Nilikuwa nalia, lakini nikasema moyoni, huyu mama ana pua," anakumbuka Sheima. "Shira za chupa nilizoagiza Dar zilikuwa zinanuka sabuni. Arubaini ilipopita nikamfuata kwake. Nikamwamkia, shikamoo Bi Mwanajuma, njoo unisaidie kuonja kahawa."

"Nikajua kachanganyikiwa na msiba," Mwanajuma anaingilia.

Latte ya kwanza aliyopewa aliimaliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, hii ni ya mgonjwa." Alizoea kahawa chungu, nyeusi, ya kikombe kidogo. Lakini alirudi kesho yake na keshokutwa, na mwisho wa mwezi akapokea shilingi laki moja na elfu themanini. Ulikuwa mshahara wa kwanza maishani mwake uliokuja kwa tarehe inayojulikana. Akamlipia mwanawe Haifa mahitaji ya shule. Mabati yaliyokuwa yakivuja juu ya kitanda yakabadilishwa.

Kazi akaipenda. Furu alizipata kwa wanawake wanaozileta kutoka Goweko. Akizichemsha na kuzichuja hutoa shira nyeusi, na katika maziwa ya moto shira hiyo ina utamu mzito, kama tunda lililokaa karibu na moshi. Ukiitia barafu inakuwa bubu. Ulimi unasubiri na hakuna kinachokuja.

Hata maziwa anayaonja. Msimu wa kukausha tumbaku, yanayotoka kwenye nyumba zilizo karibu na majiko ya tumbaku huja yamebeba harufu. "Yale nayarudisha. Mteja atadhani mtu kazima sigara kwenye kikombe."

Asmini ni kinyume cha furu. Maua yake huyaloweka kwenye maji baridi usiku kucha, hayachemshwi. Latte ya asmini ya baridi ni tulivu, inamaliza kiu. Ya moto inageuka mafuta ya nywele. Tena ina aibu yake: asmini huku ni ya biharusi, ni ya kitandani. Bwana mmoja alifika na baba mkwe wake, akaletewa bilauri, akanusa, akaisukuma mbali kama imemuuma.

"Ondoa hii," akanong'ona. "Nitakaaje na mkwe wangu nanukia hivi?"

Siku ile jikoni walicheka mpaka machozi.

"Waridi ndilo lililonimaliza," anasema Mwanajuma, na hapo anakaa chini.

Sheima alitaka ladha ya waridi. Mwanajuma alikwenda kulekule sokoni, kwenye duka lilelile, akanunua maji ya waridi yaleyale aliyoyaamini kuliko yote, kwa sababu ni safi na hayana kileo. Hayo ndiyo anayowarashia marehemu juu ya sanda. Akayapika na sukari, akapata shira ya rangi ya dhahabu.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, jua la Tabora linachoma. Waliiuza na barafu tu. Wateja wakaipenda kuliko zote. Wasichana wa vyuo walijipiga picha nayo. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu kitu cha baridi hakinyanyui harufu. Ulimi ulipata utamu na pua haikuambiwa lolote.

Miezi ikapita hivyo. Juni ilipoingia na baridi yake, wateja wakaanza kuomba vya moto.

"Mimi ndiye niliyesema tulipashe waridi," anasema Sheima. "Bi Mwanajuma alionja kwanza. Akasema liko sawa."

"Nilisema liko sawa," anaitikia Mwanajuma. "Kwangu lilikuwa sawa."

Siku ile wakaingia wanawake watatu wakitoka kununua vitenge vya harusi. Mmoja wao ni Bi Tufaha, mfanyabiashara wa vyombo, aliyekuwa amemzika mama yake wiki chache nyuma. Wakaagiza waridi la moto. Mwanajuma akaleta sinia mwenyewe, maana mhudumu alikuwa ametoka.

Bi Tufaha aliinua kikombe, mvuke ukampiga usoni. Akakirudisha chini polepole.

"Nani katia marashi humu?"

"Ni shira ya waridi, Bi Tufaha," Mwanajuma akamjibu.

"Sikukuuliza ni ya nini. Hii harufu naijua." Sauti ikaanza kumpanda. "Hii ni ya mama. Hii ndiyo mliyommwagia mama yangu."

Mwenzake akamshika mkono. "Tufaha, shoga, kaa. Watu wanatutazama."

"Nikae ninywe nini? Sanda?"

Ndipo macho yake yalipoanguka kwenye sinia, na kwenye mikono iliyolishika.

"Na mikono ni ileile! Wewe Mwanajuma! Asubuhi unaosha, mchana unatukorogea?"

Mwanajuma anasema mpaka leo anajuta kwa alichojibu. "Nilimwambia siku hiyo sikuwa nimeosha mtu. Sasa hilo ni jibu? Mtu analia mama yake, mimi najitetea ratiba."

Bi Tufaha alitoka akilia, na wenzake nyuma yake na mifuko ya vitenge. Vikombe vitatu vikabaki mezani vikifuka. Waliokuwa meza ya jirani nao wakanusa. Mwanamume mmoja akainuka bila kumaliza chake.

Jioni ile ujumbe wa sauti uliingia kwenye kundi la simu la kamati ya harusi, ukatoka humo ukaenda kwenye makundi mengine: jamani, kahawa ya kwa Humaidi inakorogwa na mwosha maiti, tena kwa chupa moja ya marashi.

Chupa haikuwa moja. Mwanajuma ana chupa ya kazi hii na chupa ya kazi ile, na hazijawahi kukaa chumba kimoja. Lakini duka ni moja, na harufu ni moja, na hilo hakuwa na namna ya kulikana.

Mwanzoni vijana walifanya mzaha. Mmoja alisimama mlangoni akapaza sauti, "Bi mkubwa, nipe ya baridi. Ya moto nasikia inaita malaika!"

"Wewe kwa urefu huo kaa mbali," Mwanajuma akamjibu, "utanimalizia kitambaa."

Wakacheka, akacheka nao. Baada ya wiki hata wa mzaha hawakuja. "Nilifika mahali nikawakumbuka wale wa mzaha," anasema.

Kuna alasiri moja mgahawa ulikuwa mtupu. Akatengeneza waridi la moto, akakaa nalo peke yake kwenye kona ya jikoni. Alitaka kusikia kile ambacho Bi Tufaha alikisikia.

"Nikanusa. Nikanusa tena mpaka pua ikauma. Nilisikia waridi zuri tu. Sikusikia msiba, sikusikia mtu. Nimewarashia wangapi, nimemrashia mama yangu mzazi, na pua yangu haikuniletea hata mmoja." Anatazama sakafu. "Nililia kwa hilo. Sikulia kwa wateja, nililia kwa hilo."

Sheima alipoingia akamkuta. Akachukua chupa ya shira yote, akaimwaga kwenye bomba la maji machafu, akafuta neno waridi ubaoni.

Haikusaidia. "Hawakuwa wakiuliza waridi tena," anasema Sheima. "Wanachungulia mlangoni wanauliza, yule mama yupo leo? Nikisema yupo, wanasema tutarudi. Nikisema hayupo, wanaingia."

Imamu wa msikiti wa jirani alilizungumza kwenye hotuba ya Ijumaa. Alieleza kwamba mwosha maiti ana ujira mkubwa kwa Mola wake, na mikono yake ikishatawadha ni safi kama ya mtu mwingine yeyote. Watu wakaitikia, wakatoka, wakaenda kunywa soda.

Mwezi huohuo Mwanajuma aliitwa kuosha, zaidi ya mara moja, katika nyumba za watu waliokuwa wateja wa mgahawa. Walimpitisha mlango wa uani. Katika nyumba moja, alipomaliza, wakampa maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki chekundu. Akanywa, akashukuru, akaenda kunawa. Alipotoka alikiona kile kikombe juu ya jalala, na hakikuwa na ufa.

"Sikusema kitu. Mwosha haongei. Akiona kitu kwa maiti haongei, na akiona kitu kwa walio hai haongei pia. Sasa nimekiongea, basi, Mungu anisamehe."

Mwishoni mwa Juni, Sheima alimwita kwenye chumba cha nyuma. Wote wawili wanayasimulia maneno yale kwa namna moja.

"Bi Mwanajuma, mimi sikwambii uache dini," Sheima alianza.

"Sema tu, binti yangu."

"Chagua moja. Ukiacha kuosha, nitatangaza umeacha, nitaandika hata ukutani. Watu watasahau. Ukiendelea, siwezi. Nina wafanyakazi wengine wanne. Nikifunga, hutakaa nyumbani peke yako."

"Na wewe?" Mwanajuma akamuuliza. "Wewe unanionaje? Nilimwosha bibi yako, maji ukimimina wewe."

Sheima akamwambia kweli: tangu siku ya Bi Tufaha, naye akinusa harufu ya waridi anamsikia bibi yake. Zamani hakumsikia.

Alimpa wiki mbili za kufikiri.

Nyumbani, Haifa hakuhitaji wiki mbili. Yuko kidato cha tatu, na shuleni wamempa jina, wanamwita Binti Sanda. Siku hizi anarudi kwa njia ya kuzunguka ili asiandamane na wenzake.

"Nilimwambia mama achague kahawa," anasema msichana huyo, akichuma mchicha bila kuinua uso. "Hao watu wajioshe wenyewe. Wanamwita kwa mlango wa nyuma, wanamfukuza kwa mlango wa mbele."

"Mwenyewe unasikia," anasema mama yake. "Na anayoyasema si uongo."

Mwanajuma akachagua kahawa.

Hili hakulitangaza, wala hakumwambia Sheima bado. Alitaka ajaribu kwanza kama ataweza. Akazima simu kila alipokuwa kazini. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Akaanza kulala vizuri. Akaonja furu ya msimu na kuona ni nzuri kuliko ya mwaka jana.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, alipofunga kazi na kuwasha simu, alikuta imejaa. Kule Ipuli alikuwa amefariki mwanamke kijana, mama wa mtoto mchanga, tangu alfajiri. Walimpigia asubuhi, wakampigia adhuhuri. Wakamtuma mtu nyumbani kwake, akakuta kufuli. Hakuna aliyemjia mgahawani, kwa sababu walijua mgahawani hatakiwi kuitwa.

Alipofika Ipuli ilikuwa alasiri imeshaswaliwa. Wanaume wamekaa nje, kaburi limeshachimbwa, jeneza lipo tayari. Ndani, shangazi na wifi za marehemu walikuwa wameamua kujaribu wenyewe. Hawajui. Maji waliyapasha moto mno. Majani ya mkunazi ya kuoshea yalikuwa yameachwa kwenye mfuko. Walikuwa wamemfunga sanda akiwa bado ana maji, na kitambaa kimegandana na mwili.

"Mmoja alikuwa amekaa pembeni. Ananiambia, dada, tumemkosea? Nikamwambia hamjamkosea, mmefanya mlivyoweza. Lakini moyoni najua ni nani aliyemkosea."

Akawatoa wote isipokuwa wawili. Akafungua sanda, akaanza upya.

Walipomaliza, mume wa marehemu alimsogelea na kichanga begani. "Tulikupigia, dada," akasema kwa upole. "Tukadhani umesafiri."

"Nilitamani anitukane," anasema Mwanajuma.

Kesho yake asubuhi alimwambia Sheima amechagua: ataendelea kuosha.

Sheima naye anaeleza bila kujificha. "Nilipumua. Nikaona biashara itarudi. Halafu nikaingia chooni nikajifungia." Anapanga sahani za vitumbua, anazipangua, anazipanga tena. "Mnaweza kuniandika mbaya. Lakini kabla hamjaandika, waulizeni wanaosoma: wangekunywa?"

Wakakubaliana amfundishe kazi mtu mwingine kabla ya kuondoka, na ndiyo maana asubuhi hii Julieth yuko hapa.

Julieth ni Mkristo na hajui lolote la sanda, marashi wala aibu ya asmini. Mwanajuma anaona hilo ni jema kwake. "Atakosea, lakini atakosea makosa mengine."

Anampa kijiko cha furu ya moto. Julieth anafumba macho.

"Nini?" anauliza Mwanajuma.

"Tamu."

"Tamu ni ya mtoto. Nini tena?"

"Kama... kama jikoni kwa mama, zile sufuria za kuni."

"Hapo sawa. Sasa ya barafu."

Julieth anaonja, anasubiri, anatikisa kichwa. "Imekufa hii."

Julieth anaweka mkono mdomoni. Kisha Mwanajuma anacheka, na hicho ndicho kicheko chake pekee cha kweli asubuhi hii. "Haya. Kazi umeiweza."

Saa tano na nusu anavua aproni, anaikunja mara mbili, anaiweka juu ya mashine ya kahawa ambako bado kuna joto. Sheima anamletea mfuko wa sukari na chupa ya shira ya furu. Anapokea sukari. Shira anaiacha mezani.

"Chukua, Bi Mwanajuma, umeipika mwenyewe."

"Nitaifanyia nini? Nyumbani hatuna mashine."

Wanashikana mikono. Sheima anautazama ule mkono kidogo kabla ya kuuachia. Nje, mwanamume na mkewe wanasoma ubao wa vinywaji. Wanampisha Mwanajuma apite, wanapeana jicho, kisha wanaingia.

Akiba aliyonayo haitafika mbali. Mpango wake ni kuuza mkaa mbele ya nyumba. Alifikiria maandazi, alifikiria juisi ya embe, akaona anajidanganya. "Mkaa hakuna anayeula," anasema. "Wataununua. Watakuja jioni jioni, lakini watanunua."

Mpango mwingine ameshauanza, nao ndio unaomtoa nyumbani kila Jumapili baada ya adhuhuri. Mwalimu wa madrasa moja ya Ipuli amempa chumba ili awafundishe wanawake kuosha maiti. Ilitangazwa misikitini. Jumapili ya kwanza walikuja wengi, chumba kikajaa, wakasikiliza vizuri na kuuliza maswali mazuri. Alipotandika mkeka na kumwomba mmoja alale awe mfano, wakaanza kukumbuka sufuria walizoacha jikoni.

Jumapili ya pili alikuja mmoja.

Ni mwanamke wa makamo, mwenye mikono yenye nguvu. Anauza chakula asubuhi, na ameomba jina lake lisiandikwe, wala chakula anachouza, wala mtaa anaokiuzia. "Andika nipo," alisema, "basi, inatosha."

Hakukuwa na mwingine wa kulala mkekani, kwa hiyo Mwanajuma alilala mwenyewe. Akafumba macho, akakunja mikono kifuani, akawa anamwelekeza kwa maneno kutoka pale chini: anza upande wa kulia, stiri kwanza, usivute, inua kichwa taratibu. Yule mwanamke alifuata kila neno. Ilipofika mahali pa kumgeuza ubavu, akamshika bega na nyonga, akavuta. Akavuta tena. Hakuweza.

Mwanajuma aliinuka, akajifunga kanga upya, akamwambia amefanya vizuri, aje tena Jumapili ijayo. Wakafunga madirisha pamoja.

Akiulizwa anachotarajia, hazungumzii mgahawa tena, wala Bi Tufaha. Anasema ana dua moja tu katika jambo hili, na anaitaja akiwa amesimama kwenye mlango wa madrasa, viatu mkononi.

"Nataka nipate wawili," anasema. "Mmoja amimine, mmoja aoshe, na kugeuza wasaidiane. Mmoja hawezi. Na mimi, siku yangu ikifika, unaniona mwenyewe nilivyo, si mwepesi."